Lone Pine, Brisbane, Australia: hifadhi naipa nyota 5, koala wa kufuga nyumbani naye nampa sifuri

Naanza na kisa maana bila hicho nisingeenda. Mtoto wa dada yangu, ana miaka 9, yuko Njombe, kila akipewa simu na mama yake ananitumia voice note moja tu, "mamdogo ukirudi niletee koala", yule mnyama wa manyoya wa Australia anayekaa mitini. Nikawa nacheka nampotezea, mpaka siku baba yake naye akadakia, tena kwa usiriasi kabisa, kwamba shemeji kwani shida iko wapi, hao wanyama si wanakula majani ya milingoti (mikaratusi), na huku kwetu milingoti ndo imejaa mpaka tunakata nguzo za umeme? Nikakosa jibu. Hesabu yake ukiisikia hivi hivi inaonekana imekaa sawa.

Ndo Jumamosi moja nikaamua kwenda Lone Pine nikaangalie mwenyewe. Iko Fig Tree Pocket, kando ya mto, basi za kutoka mjini Brisbane zinafika hadi pale. Imefunguliwa 1927 na ilianza na koala wawili tu, Jack na Jill, sasa hivi wako zaidi ya mia. Mwaka huohuo wa 1927, mwezi wa nane, serikali ya Queensland, jimbo ambalo Brisbane ipo, ilifungua msimu wa kuwinda koala kwa ajili ya ngozi na wakauawa zaidi ya laki tano, sasa we fikiria mtu anafungua sehemu ya kuwalinda wakati nje huko watu wako busy kuwachuna.

Kwanza muelewe hawa wanalala. Nilijua wanalala ila sikujua ni kiasi hiki, saa 18 mpaka 20 kwa siku, unakuta kajibana kwenye panda ya mti, kidevu kifuani, unazunguka nusu saa unarudi hajasogea hata sikio. Wazungu nao wamejipanga na simu wanasubiri ageuze shingo, na mimi nikiwemo. Ukitaka kumuona anafanya kitu subiri waletewe majani, na hapo ndo nilipopata jibu la shemeji.

Akaja dada mhudumu na mzigo wa matawi mabichi, anayapanga kwenye vyombo vya maji kama mtu anayepanga maua ya harusi. Koala mmoja karibu yangu akafungua macho, akavuta tawi la kwanza, akalinusa na lile pua lake kubwa jeusi kama soli ya kiatu, akaliachia. La pili akanusa, akaliachia. La tatu akanusa, akachuma jani moja la kwenye ncha, akatafuna polepole, akarudi kwenye lilelile tawi. Yale mengine mawili mimi naona ni milingoti tu, kijani kwa kijani! Kumbe aina za mikaratusi ziko mamia na yeye anakula chache tu, na hata kwenye hizo hali kila mti wala kila jani, maana majani yale yana sumu na yeye ndo anajua lipi sumu yake anaiweza. Kwa siku anakula kama nusu kilo mpaka kilo nzima, na lazima yawe mabichi. Kwa hiyo shemeji, ile ya kwetu ya nguzo inawezekana kabisa akainusa akalala njaa. Zoo ya San Diego kule Marekani wanalima mikaratusi yao wenyewe ya aina nyingi kwa ajili ya koala tu. Yaani ukimfuga koala mmoja umefuga na msitu wake.

Halafu kuna tumbo. Kuna sehemu ya utumbo ambayo kwetu ni kakipande kadogo pale kwenye kidole tumbo, kwa koala inafika kama mita 2, imejaa vijidudu vya kuvunja yale majani. Hivyo vijidudu hazaliwi navyo, anazaliwa kadogo kama punje ya maharage, anakaa kwenye mfuko wa mama kama miezi 6, akikaribia kuanza majani mama anamlisha uji fulani unaotoka... huko nyuma, eeh, huko huko. Bila ule uji mtoto hawezi kula majani. Sasa we umeshamtoa kwa mama yake kwa sababu ni mzuri kwenye picha, huo uji utaupika wewe?

Na akiumwa ndo balaa. Koala wengi wana klamidia, ugonjwa wa bakteria, inawapofusha, inawaharibu kibofu na uzazi, dawa yake ni antibayotiki, ila antibayotiki hiyohiyo inaweza kuua vile vijidudu vya tumboni, unamtibu ugonjwa anaanza kukonda huku majani yako mbele yake. Madaktari waliosomea hao wanyama wenyewe wanapata tabu, sembuse mganga wa mifugo wa kijijini aliyezoea ng'ombe na kuku.

Kuna wanaouliza je wanabebeka. Zamani Lone Pine ulikuwa unalipia unambeba unapigwa picha, hata Obama na Putin walipokuja Brisbane kwenye mkutano wa G20, ule wa nchi zenye uchumi mkubwa, mwaka 2014 walibeba koala wakapigwa picha, lakini 2024 hapa Lone Pine wakaacha kubebesha watu, sasa unasimama karibu naye unamuangalia. Kuna walionuna, mi naona sawa tu. Jimbo la jirani la New South Wales walishapiga marufuku kubeba tangu miaka ya tisini. Kale kauso kanadanganya kwa sababu kamekaa kama kanatabasamu muda wote hata akiwa na hofu, ila angalia zile kucha, ndefu nyeusi zimejikunja, anapandia mti mrefu wa gome laini, mkono wako ni nini. Na dume linanguruma! Nilishtuka mzima mzima, mnyama wa size ya mto wa kochi anatoa sauti kama pikipiki iliyogoma kuwaka asubuhi. Kifuani lina tezi ya harufu, linasugua kwenye mti kuweka alama, sasa weka kochi lako badala ya mti.

Sheria nayo iko wazi, Australia nzima hakuna mtu binafsi anayeruhusiwa kumfuga, hata ukimuokota kagongwa na gari anapelekwa kwa watu wenye leseni. Kutoka nje ya nchi anaenda zoo tu kwa vibali. Tangu Februari 2022 koala wa Queensland, New South Wales na eneo la Canberra wako kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, misitu inakatwa, mbwa wanawaua, magari yanawagonga, na ule moto wa msituni uliowaka Australia 2019 hadi 2020 ndo usiseme.

Kwa mnaokuja Brisbane, nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali, vaeni viatu vya kutembea, na kwa kangaruu msiharakishe maana wale unawalisha mkononi kabisa na wanangu walikataa kuondoka.

Dogo nilimtumia koala wa kushona, wa manyoya, kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Kamuita Mlingoti. Juzi katuma voice note analalamika kwamba mamdogo huyu koala wako siku nzima kakaa tu hafanyi chochote.