Michuki Park: bustani nyota nne, mto nyota moja

Kama uko tao Nairobi na unataka mahali pa kupumzisha miguu bila kununua kahawa ya bei, nenda Michuki Park, iko hapo karibu na roundabout ya Globe, kando ya mto Nairobi, na kuingia ni bure. Miti imeshika, kivuli kipo, watu wanapiga picha zao na wengine wamelala kabisa gazeti usoni. Ukikumbuka hapo palikuwa jaa la taka mpaka marehemu John Michuki akiwa waziri wa mazingira akaanza kupasafisha 2008, unaheshimu kazi.

Sasa mto wenyewe, aki. Maji meusi, povu la kijivu limeshikana na mifuko kwa mawe, na jua likiwaka ile saa saba harufu inakufuata hadi kwa benchi, so kaa mbali na ukingo. Bustani siilaumu, mto unatoka kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu ukiwa na afadhali, halafu maji taka ya mitaa yanamwagwa humo kabla haujafika tao, na ukishuka ndio mambo huharibika zaidi, Gikomba, Korogocho, dampo ya Dandora, alafu mto Ngong unaleta zawadi za viwanda vya Industrial Area, yote yanaingia mto Athi, ambao huko chini unaitwa Sabaki, hadi bahari ya Malindi. Watu wa pwani mtusamehe tu.

Bustani nyota nne, mto moja. Mkienda na watoto, wabebeeni maji na mpira, na mpira usichezewe upande wa mto, ukiingia huko hakuna mtu ataufuata.