Unga wa amproliamu kwa kuku wa nyumbani: dawa nzuri kwa ugonjwa mmoja

Katika maduka mengi ya dawa za mifugo, mfugaji akieleza kwamba kuku wake anaharisha damu hupewa pakiti ya unga wenye amproliamu asilimia 20. Nimeutumia unga huu kwa kuku wa kienyeji ninaowafuga nyuma ya nyumba, na naona unastahili kuaminiwa, mradi ugonjwa wenyewe uwe ni ule unaoutibu.

Ugonjwa huo ni koksidiosisi, ambao wafugaji wengi huuita kuhara damu. Husababishwa na vimelea vya jamii ya Eimeria, ambavyo kuku huvimeza pamoja na uchafu wa kinyesi, kisha vikaharibu ukuta wa utumbo. Wanaougua zaidi ni vifaranga wa wiki 3 hadi 6, kwa kuwa kuku wakubwa huwa wamekwisha kujenga kinga, ingawa banda likilowa wakati wa masika hata tetea aliyekaribia kutaga anaweza kuupata. Amproliamu hufanana sana na vitamini B1. Kimelea huipokea badala ya vitamini hiyo, kikakosa kile kinachokiwezesha kukua na kuzaliana.

Tetea niliyemtibu alikuwa amejikunyata pembeni, mabawa yameshuka, manyoya yametutumka na upanga umepauka, na kinyesi chake kilikuwa majimaji yenye michirizi ya damu mbichi. Nilimtenga, nikaondoa maji mengine yote na kumwekea yale ya dawa peke yake. Kwa kuwa mwanzoni hakuwa na nguvu ya kunywa, nilimdondoshea kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone baada ya tone pembeni mwa mdomo, nikimsubiri ameze ili maji yasiingie kwenye njia ya hewa. Hakuyakataa, na damu ilikoma kabla dozi haijaisha. Hamu ya chakula ilichelewa zaidi kurudi, jambo ambalo si la ajabu kwa utumbo uliochubuka.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii iko kwenye maelezo yake. Pakiti niliyonunua ilitoa kipimo cha gramu 30 kwa lita 50 za maji, yaani kiasi cha banda la kibiashara, ilhali mwenye kuku sita huchanganya lita mbili tu kwa siku. Kipimo hicho ni sawa na gramu 0.6 kwa lita moja, na kukikadiria kwa kijiko cha chai ni kubahatisha. Mizani ndogo ya kielektroniki ndiyo suluhisho la kweli, na mtengenezaji angewafaa sana wafugaji wadogo kama angeweka kijiko cha kupimia ndani ya pakiti. Maji hayo huchanganywa upya kila siku, kwa siku 3 hadi 5, na hayapaswi kukatizwa kwa sababu tu kuku amechangamka.

Jambo la pili ni ushauri wa dukani. Muuzaji mmoja alinishauri nichanganye dawa hii na vitamini katika chombo kimoja. Vitamini B1 ikizidi hupunguza nguvu ya amproliamu, kwa hiyo vitamini za aina hiyo ni vyema zisubiri hadi dozi iishe. Na kwa kuku anayetaga, ni lazima lebo ya pakiti husika isomwe kuhusu mayai, kwani maelekezo hutofautiana, hasa pale amproliamu inapochanganywa na dawa nyingine.

Unga huu hauna msaada wowote kwa mdondo, ambao huleta kuhara kijani na huzuiwa kwa chanjo, wala kwa homa ya matumbo ya kuku, wala kwa minyoo, wala kwa gole lililojaa na kuwa gumu. Pia si kila kinyesi cha ajabu ni ugonjwa: kuku mzima hutoa mara kwa mara kinyesi laini cha kahawia, chenye kunata na harufu kali, kinachotoka kwenye vipofu vya utumbo, yaani vifuko vya utumbo vilivyozibwa upande mmoja, na hakihitaji dawa.

Tena, dawa haisafishi banda. Mayai ya vimelea hivi hustahimili dawa nyingi za kawaida za kuua vijidudu, na kwenye joto na unyevu huwa tayari kuambukiza ndani ya siku moja au mbili. Nilitoa maranda yote, nikaweka makavu, na kuinua chombo cha maji ili kuku wasikichafue.

Iwapo siku ya tatu hakuna nafuu, au kuku wa pili amekufa, ni afadhali kuacha kununua pakiti nyingine na kumwita afisa mifugo. Kwa walio Tanzania, mzoga ambao haujaoza unaweza pia kupelekwa katika kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, ambako utumbo hupasuliwa na vimelea hutafutwa kwa hadubini.