Mapango ya Amboni: yawekeni siku ya mwisho, mkiwa njiani kurudi Mombasa

Wapwani wenzangu wa huku Mombasa, mkienda Tanga na mume ama mke, Amboni msiende siku ya kwanza, iwekeni siku ile ya kurudi nyumbani, kwa sababu iko njia hiyohiyo ya kwenda mpakani Horohoro, kama kilomita 8 tu kutoka mjini, yaani mnatoka gesti na mabegi yenu kwa gari na machungwa ya Muheza mshanunua, mkifika Kiomoni mnaacha lami mnaingia, mkimaliza mnarudi barabarani safari inaendelea. Siku ya mwisho ya likizo mara nyingi inaishia kwa kukunja nguo na kununiana, sasa hii yetu ndo imekuwa tamu kuliko zote.

Lakini kilichonifanya niandike hasa ni yule kijana aliyetutembeza. Tulifika asubuhi, akatupokea vizuri, karibu dada, karibu shem, na aliposikia twatoka Mombasa akacheka akasema basi mngepita humu ndani mngefika kwenu, maana wazee wanasema pango linatokea Mombasa na lingine linatokea Kilimanjaro. Mume wangu macho yakamtoka. Kijana hakumuacha hapo, akamwambia hizo ni hadithi shem, mwaka 1994 watafiti wa Kijerumani na Kituruki walipima wakakuta mapango ni 10 na refu kabisa ni kama mita 900, na wageni wanaingia moja tu. Hilo nililipenda sana, akupe hadithi akupe na ukweli, uchague mwenyewe cha kwenda kusimulia.

Ndani sasa. Kuna mahali unainama, kuna mahali unajipenyeza kwa ubavu, na pale pembamba alichukua mkoba wangu akaupitisha kwanza, halafu akawa anarudi kinyumenyume tochi ameielekeza miguuni kwangu, yeye mwenyewe anakanyaga gizani kwa mazoea. Haraka hana. Nikisimama kupumua naye anasimama, wala hakuna kuambiwa twende twende. Tulipofika ukumbi mkubwa akatuambia tushikane mikono, akazima tochi. Wallahi giza lile sijaliona popote, kiganja uko nacho mbele ya pua na hukioni, popo unawasikia juu huko wanajisogeza, na maji yanadondoka mahali, tone, unangoja mpaka unadhani yameisha, tone tena. Mume wangu na maneno yake yote alinyamaza, akanibana mkono mpaka pete ikaniuma.

Tochi ilipowaka ndo akatuonyesha hayo matone yanafanya kazi gani, maji ya mvua yanapenya kwenye jiwe la chokaa, yanashuka na chokaa kidogokidogo, yanaiacha pale yanapodondokea, ndo unapata yale mawe yanayoning'inia na yale yanayoota toka chini, na hilo jiwe lenyewe la chokaa umri wake ni zaidi ya miaka milioni 150, zamani huko palikuwa chini ya maji. Kuna jiwe kama mamba, kuna kochi, kuna Kilimanjaro, kuna hadi sanamu ya Uhuru ya Marekani. Akatuonyesha pia walikokuwa wakijificha kina Osale Otango na Paulo Hamisi miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya mkoloni. Hapo mume wangu maswali hayakuisha na yote yalijibiwa.

Sehemu ya mizimu pia tulipita, utakuta chupa za marashi, sarafu, vitambaa, watu wanakuja na shida zao mpaka leo. Mimi si mtu wa mambo hayo lakini yule kijana aliongea kwa heshima, hakuwacheka waliokuja kuomba, akatuomba tu tusiguse kitu. Watembezaji wengi wangefanya pale pawe mahali pa utani.

Vaeni raba, kandambili hapana, mawe yanateleza. Ndani ni joto na harufu ya popo ipo, maji ya kunywa muhimu, na kama unaenda na mama mwenye magoti mabovu bora apumzike nje chini ya miti, ni kuzuri pia. Popo wanatoka kwa makundi wakati wa magharibi, wanasema inapendeza mno, ila kama mnavuka mpaka siku hiyo nendeni asubuhi. Sisi tulitoka kabla ya adhuhuri na mpakani hatukusumbuka, kutoka na kuingia mnagongewa mihuri jengo moja, muwe tu na pasipoti au kile kibali cha muda cha kusafiria, na kama mko na gari yenu ile kadi ya njano ya bima.

Hela za Tanzania msizimalize zote mjini, bakisheni za kiingilio na za yule kijana, mpeni kitu cha maana, anaipenda kazi yake.