Mashine ya kusaga ya Nkuhungu, Dodoma: dona nzuri, lakini unga wa lishe usinunue

Nasagisha hapa tangu nilipohamia Dodoma kikazi. Wengi wanaoniuliza mashine nzuri iko wapi wanataka kujua bei na foleni, na vyote viwili nitavitaja. Lakini mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Kutwa nzima nalaza watoto kwenye ubao wa kupimia urefu, najaza kadi, naongea na mama zao kuhusu kinachoingia kwenye sufuria. Kwa hiyo naangalia zaidi yale yanayofanyika kabla mota haijawashwa, na hapo ndipo mashine hii inapozishinda nyingine zote nilizowahi kusagisha mjini hapa.

Haina kibao. Ni banda la mabati upande wa Nkuhungu, mbele yake pana mwarobaini mkubwa na turubai limetandikwa kivulini. Mwenye mashine ni mama mtu mzima wa Kigogo, sote tunamwita Bibi. Mteja akifika anasalimiwa "Mbukwenyi" kabla ya kuulizwa shida yake. Alipojua mimi ni Mhehe alinibadilishia, siku hizi ananipokea kwa "Kamwene".

Utaratibu wake ni kwamba mahindi hayapandi kwenye mdomo wa mashine bila kupita kwenye turubai. Debe lako linamwagwa pale, wasichana wawili wanapeta kwa ungo, kisha wanachambua kwa mkono. Wanatoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na dumuzi, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, na hasa zile zenye vumbi la kijani au kijivu pale punje inaposhikana na gunzi. Nimekaa nao kwenye lile turubai nikachambua. Punje nyingine mgongo wake ni mweupe safi, ukiigeuza unakuta kiini kimeshakuwa cheusi. Anayetazama gunia kwa juu hawezi kuiona.

Zinazotolewa zinatiwa kwenye ndoo yenye mfuniko na jioni zinafukiwa shimoni. Hazipewi kuku wala hauziwi mfugaji. Nimesisitiza hilo kwa sababu mashine nyingi chenga na punje mbovu ndiyo biashara ya pembeni, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, ambayo ng'ombe ameila kwenye mahindi mabovu hutokea tena kwenye maziwa anayokamuliwa.

Mahindi yakiwa na dalili ya ubichi, Bibi anachukua chupa kavu ya kioo, anatia mahindi hadi kama theluthi yake, anaongeza chumvi kavu ya mezani, anafunga, anatikisa vizuri na kuiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikianguka yote chini, mahindi yamekauka. Iking'ang'ania kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, na hapo hasagi. Anakwambia ukayaanike tena, juu ya turubai, usimwage kwenye udongo. Nilimshuhudia baba mmoja aliyekuja na gunia zima akigoma: "Bibi, haya ni ya shambani kwangu, sikununua sokoni." Akajibiwa kwa upole, "Najua baba, lakini yamelala chini na mvua ilikuwepo. Yarudishe juani siku mbili, nitakusagia bila kukupanga foleni." Alikasirika, akaondoka nayo. Alirudi.

Mtu akiona huu ni usumbufu, akumbuke mwaka 2016. Watu waliugua vijijini katika wilaya za Chemba na Kondoa mkoani hapa, na Kiteto kule Manyara: tumbo kujaa, kutapika, macho ya njano. Walikufa watu wapatao 20, na uchunguzi ulionyesha mahindi waliyokula yalikuwa na sumukuvu kwa kiwango kikubwa mno. Kenya walishapita huko mwaka 2004, Makueni na Kitui, wakaugua watu 317 na kufa 125. Mahindi yalikuwa yaleyale ya nyumbani, yamevunwa na unyevu na kurundikwa ndani. Sumukuvu haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Ugali uusonge saa nzima, itabaki. Inayoua kwa wiki chache ni ile iliyozidi sana. Ile ya kidogo kidogo, ya kila siku, inaharibu ini polepole hadi saratani, na mwenye virusi vya homa ya ini B ndiye aliye hatarini zaidi. Kiwango kinachoruhusiwa kwenye mahindi katika nchi za Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni moja, kiasi ambacho jicho la mtu haliwezi kukisia. Kinachobaki mikononi mwetu ni kukausha, kuchambua na kuhifadhi pakavu.

Sasa nije kwenye dona, maana hii ndiyo bidhaa yao kuu na ndiyo inayonifanya nifunge safari. Siku hizi watu wa mjini wamerudi kwenye dona kwa sababu ya sukari na presha, na madaktari wanawahimiza. Ni sawa. Ukikoboa mahindi unatoa ganda na kiini, na humo ndimo yalimo makapimlo (nyuzinyuzi za chakula), mafuta mazuri, vitamini za kundi B na sehemu kubwa ya madini chuma na zinki. Vyote hivyo vinakwenda na pumba, wewe unabaki na wanga. Lakini huwa naona jambo moja halisemwi: sumukuvu nayo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Mahindi mabovu yakikobolewa, sehemu ya sumu huondoka na pumba. Yakisagwa dona, unaila yote. Kwa hiyo dona ya mashine isiyochambua naiogopa kuliko sembe, na mama anayeniambia kliniki kwamba amehamia dona, namuuliza kwanza amesagisha wapi na mahindi aliyatoa wapi. Dona ya Bibi naila na nawapa wanangu kwa moyo mweupe.

Kwa ladha, ni tamu. Inasagwa kwa chekecheo la matundu madogo kwa hiyo haikwaruzi koo, ugali unashikana vizuri na una harufu ya hindi lenyewe. Kasoro yake ni ya dona zote: kiini kina mafuta, ukiuweka unga muda mrefu kwenye joto la Dodoma unachacha na kuwa mchungu. Bibi anakataa kukusagia gunia zima la dona kwa mkupuo kama nyumbani mko wachache. Saga debe, likiisha urudi.

Kwetu Iringa mambo haya yananigusa zaidi. Mkoa wetu unalisha nchi mahindi, tuna maharage, viazi, maziwa, maparachichi, mboga kila mahali, na bado katika utafiti wa afya wa mwaka 2022 zaidi ya nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati kitaifa ni asilimia 30. Njombe na Rukwa, mikoa mingine ya mahindi, nako ni karibu nusu. Chakula kipo. Kilichopo pia ni desturi yetu ya kuhesabu kwamba mtoto aliyeshiba ugali amekula. Msimu wa kilimo mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anaachiwa dada yake mdogo na uji mweupe wa sembe usio na chochote ndani yake, asubuhi na mchana. Maharage na mayai yanapelekwa sokoni. Na sembe nyeupe kabisa ndiyo ya heshima. Mgeni akija huwezi kumsongea dona. Nimekulia humo, najua ilivyo ngumu kumwambia mama mkwe kwamba unga mweusi ndio bora kwa mjukuu wake.

Ndiyo maana siku za uwele pale kwa Bibi nazipenda. Jumanne na Ijumaa asubuhi mashine inafagiliwa, inasagwa nafaka ya Wagogo tu: uwele na mtama. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, tena kidogo, na wazee walichagua nafaka inayoivumilia. Uwele una madini chuma mengi kuliko hindi jeupe, na kwa kawaida mtama na uwele havishambuliwi sana na sumukuvu kama mahindi na karanga. Mahindi yalichukua nafasi yake kwenye sahani kwa sababu ni rahisi kusaga, ni meupe, na ndiyo chakula cha shule na cha kazini. Ugali wa uwele ni mweusi wa kijivu, mzito, una utamu wa mbali. Ule kwa mlenda wa majani makavu uliopondewa karanga chache ulizozichambua mwenyewe, na chai ya majani uiache mpaka baadaye, maana inazuia mwili usichukue yale madini chuma. Wajawazito wenye upungufu wa damu nawaelekeza hapa, wakiendelea na vidonge vyao vya kliniki.

Ninachokilaumu ni unga wa lishe. Umepangwa mezani kwenye vifuko vya kilo moja, umeandikwa kwa kalamu "lishe ya mtoto", na ndiyo inayonunuliwa kuliko vyote na mama wenye watoto wa miezi sita. Ndani yake mna mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga, vyote pamoja. Nafaka tano kwenye uji mmoja hazimpi mtoto kitu ambacho nafaka moja au mbili hazimpi. Zote ni kundi lilelile la wanga, na tumbo lake ni dogo. Soya isiyoandaliwa vizuri inamsumbua tumbo. Karanga ndizo zinanitisha. Pamoja na mahindi, ndizo zinazoongoza kwa sumukuvu, na zikishasagwa huwezi tena kuona ipi ilikuwa imeoza. Bibi ananunua karanga hizo zikiwa zimeshamenywa na kukaangwa, hazipiti kwenye turubai kama mahindi. Nimemwambia, akanijibu, "Mwanangu, nisipouza mimi watanunua kwa jirani." Namheshimu sana, lakini hapo sikubaliani naye, na nitaendelea kumwambia. Mtoto mchanga ana ini dogo na anakula uji huo kila siku kwa miezi.

Akina mama, sagisheni mahindi yaliyochambuliwa au ulezi peke yake. Yale mengine mwongezee mtoto sufuriani au kwenye kikombe: maziwa, yai, dagaa waliopondwa, maharage yaliyosagwa na kuchujwa, parachichi, kijiko cha mafuta. Karanga kama unataka, nunua mbichi, chagua moja moja, tupa iliyosinyaa na iliyobadilika rangi, kaanga na kuponda mwenyewe kwa kiasi cha siku chache.

Jambo jingine la kujua: unga wa hapa haujaongezwa virutubishi. Kwa kanuni za nchi, viwanda vikubwa vinatakiwa kuongeza kwenye unga wa mahindi madini chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12. Mashine ya mtaani haina kifaa hicho. Msichana anayepanga kushika mimba na anakula unga wa mashine tu, afike kituo cha afya apewe foliki asidi mapema, kwa ajili ya kumkinga mtoto na mgongo wazi.

Usafi ni mzuri. Mdomoni mwa mashine kuna sumaku inayonasa vipande vya chuma, na kijana aliwahi kuitoa akanionyesha vumbi jeusi lililoshika. Nyundo za ndani ya mashine, zile zinazoponda nafaka, zikibadilishwa, mzigo wa kwanza wa pumba unasagwa na kumwagwa kabla ya unga wa mteja. Vijana wanavaa barakoa siku nyingine na siku nyingine hawavai, na kwa vumbi lile wangevaa kila siku. Foleni ya Jumamosi ni ndefu kwa sababu ya kuchambua. Kusaga debe ni shilingi 2,000, kuchambuliwa ni 500 juu yake, na ukichambua mwenyewe pale kwenye turubai hulipi hiyo ya pili. Umeme ukikatika hawana jenereta, kwa hiyo piga simu kwanza. Jumapili wanafungua baada ya ibada, kama saa nane. Njoo na mfuko mkavu. Ukileta kiroba chenye unyevu Bibi atakurudisha nacho.