Msamaha wa ushuru wa KRA kwa mashirika ya jamii: huduma ya bure inayoamuliwa na katiba na vitabu vyenu

Kwa shirika la jamii jijini Nairobi linalopokea pesa za wafadhili, cheti cha msamaha wa kodi ya mapato kutoka KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) ni karatasi inayostahili jasho lake. Maombi hayalipiwi hata shilingi. Anayewasimamisha nje ya Times Tower, makao makuu ya KRA, akitaka pesa "za kusukuma faili" anawaibia, kwa sababu faili husukumwa na nyaraka zilizo ndani yake.

Cheti kikitoka hudumu miaka 5. Shirika haliitishwi tena kodi ya asilimia 30 kwa pesa zinazobaki mwisho wa mwaka, na kampuni inayolichangia pesa taslimu inaweza kuutoa mchango huo kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Ndiyo maana kampuni nyingi huulizia cheti kwanza, mazungumzo ya mchango baadaye.

Mashirika mengi hujikwaa kabla hata ya kuingia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, na kiini chake ni aya ya 10 ya Jedwali la Kwanza la Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 470. Aya hiyo inataja madhumuni haya tu: kupunguza umaskini au dhiki ya umma, kuendeleza dini, na kuendeleza elimu. Mazingira hayamo. Utamaduni haumo. Kikundi cha Mathare kinachosafisha mto, na katiba yake inasema tu "lengo letu ni kutunza mazingira", kimejifungia mlango chenyewe hata kama kazi yake inaonekana na kila mtu. Kikundi hichohicho kikiandika kwamba kimeundwa kupunguza umaskini wa wakazi kwa kuwapa vijana wasio na ajira mafunzo na ujira kupitia usafishaji wa mto, kimesema lugha ya sheria. Lakini maneno hayo lazima yawe kweli na yaonekane kwenye hesabu: malipo ya vijana, gharama za mafunzo, orodha za waliohudhuria. Katiba ikisema umaskini na vitabu vikionyesha semina za hotelini na nauli za viongozi, ombi litaanguka, na ni haki lianguke.

Kosa la pili ni kuchanganya huduma ya umma na chama. Vikundi vingi vya mitaani vilianza kama merigo (kuchangiana kwa zamu) au benki ya mezani (kukopeshana akiba), kisha vikaongeza watoto yatima na wazee. Kifungu cha kukopesha wanachama au kugawana faida mwezi wa Desemba kinatosha kuua ombi zima, maana sheria inataka shirika lililoundwa kwa madhumuni hayo pekee. Tenganisheni. Chama kibaki na katiba yake na akaunti yake, na shirika la huduma liandikishwe upya likiwa na vyake.

Katiba pia iwe na vifungu viwili ambavyo vielelezo vya kunakili mara nyingi havina. Kimoja kiseme mapato na mali ya shirika vitatumika kwa malengo yake tu na hakuna mwanachama atakayegawiwa. Kingine kiseme shirika likivunjwa, mali itakayobaki baada ya kulipa madeni itaenda kwa shirika jingine lenye malengo yanayofanana. "Mkutano mkuu utaamua" haitoshi, kwa sababu mkutano mkuu unaweza kuamua kugawana.

Kwenye nyaraka, tayarisheni cheti cha usajili ambacho hakijaisha muda, kiwe cha kikundi cha jamii chini ya sheria ya mwaka 2022 au cha shirika la manufaa ya umma chini ya sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kutumika Mei 2024. Ongezeni katiba au hati ya udhamini, PIN (namba ya mlipakodi) ya shirika na za viongozi, cheti cha kuonyesha mmelipa kodi ipasavyo, stetimenti za benki, barua inayoeleza kazi zenu, ushahidi wa kazi hiyo, na hesabu zilizokaguliwa za miaka 3, au tangu mlipoanza kama hamjafikisha miaka hiyo. Jina liwe lilelile kila mahali, herufi kwa herufi. Cheti kikisema "Self Help Group", PIN ikisema "CBO" na benki ikisema kitu cha tatu, kwa afisa hayo ni mashirika matatu.

Hesabu ndizo mlima wenyewe. Mkaguzi awe mwanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, mwenye leseni ya kufanya kazi hiyo, na ada yake ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika safari hii. Hapa ndipo tunaona huduma hii haiwatendei haki wadogo: kikundi cha Korogocho kinachoendesha darasa moja la chekechea kinatakiwa kuleta mzigo uleule wa karatasi na shirika la kimataifa lenye ofisi Westlands. Kinachopunguza gharama ni vitabu safi. Pesa zipitie akaunti au paybill ya shirika, zisipitie M-Pesa ya mwenyekiti. Kila manunuzi yawe na risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Mkaguzi akikuta boksi la karatasi zilizofifia, atawatoza kwa kulipanga kwanza, halafu kwa kulikagua.

Kujaza maombi kwenye iTax ni sehemu nyepesi. Ila msijaze wiki ya mwisho ya Juni, wakati nchi nzima inawasilisha ritani (taarifa za mapato za mwaka). Kinachozuia wengi hapo ni ritani zilizosahaulika: shirika lilichukua PIN ili lifungue akaunti ya benki, halikuwasilisha chochote likidhani halina kodi. Faini ya kuchelewesha ritani kwa asiye mtu binafsi ni shilingi 20,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa, kwa kila ritani. Kagueni leja yenu ya iTax mapema, na za viongozi pia.

Sheria inampa Kamishna wa KRA siku 60 kuamua, ila zinahesabiwa tangu mlipotimiza masharti yote. Barua ya kuitisha nyaraka ikikaa bila jibu kwenye barua pepe ya katibu aliyejiuzulu, siku hazihesabiki. Tumieni anwani ya shirika inayosomwa na zaidi ya mtu mmoja.

Msitegemee cheti kifanye yasiyo yake. PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) ya wafanyakazi bado inatakiwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, pamoja na SHIF (mchango wa bima ya afya) ya asilimia 2.75 na ada ya nyumba ya asilimia 1.5. Ritani ya kila mwaka bado inawasilishwa. VAT mnailipa dukani kama kawaida. Na mkiwa na biashara, tuseme mkahawa au ushonaji, faida yake inasamehewa tu ikiwa inatumika yote kwa malengo yenu, na biashara yenyewe ni sehemu ya kutekeleza malengo hayo au inafanywa hasa na wale mnaowasaidia. Karakana ya ushonaji inayoendeshwa na akina mama mnaowahudumia inaingia. Duka la jumla lililoajiri wauzaji wa kawaida ili kuchangisha pesa haliingii.

Ombi likikataliwa, someni sababu kwa makini. Kama ni katiba, irekebisheni kwa mkutano halali wenye kumbukumbu zilizotiwa sahihi, msajili aipokee, kisha mwombe upya. Kama mnaamini Kamishna amekosea kisheria, mna siku 30 za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru, kwa hivyo mtafuteni wakili wiki ileile barua inapofika.