Dawa naisifu, fundi aliyetuletea sitaki kumwona tena

Kwa miaka kadhaa natibu majitaka ya karakana ya kupaka vyuma shaba na nikeli, na shaba iliyoshikana na amonia ilikuwa imenishinda. Unatia chokaa mpaka mikono inachoka, maji yanabaki na ubuluu wake. Nikaagiza dithiokabameti ya maji, dawa inayoshika metali kwenye majitaka na kuifanya ituame chini. Niliijaribu kwenye bilauri: maji yakawa kahawia papo hapo, mashapo yakatuama, juu pakabaki peupe. Niliita karakana nzima ije ione.

Furaha hiyo aliiharibu fundi wa muuzaji. Alikuja siku chache baadaye kutuonyesha kipimo. Tangi lilikuwa bado na asidi. Nikamwambia, "Kaka, subiri kwanza tupandishe pH, asidi ipungue." Akanitazama juu mpaka chini: "Dada, hii ni dawa tu, mbona mwoga hivyo? Kazi hii nimeianza kabla yako." Akamimina.

Harufu ya kabichi iliyooza ikatanda. Kwenye asidi kemikali hii huvunjika na kutoa kaboni disulfidi, mvuke mzito kuliko hewa, unaotambaa sakafuni, unaodhuru neva, na unaoweza kuwaka kwa kugusa tu bomba lenye joto la nyuzi 100 hivi. Na mabomba ya joto yako hatua chache kutoka pale! Tulikimbilia nje. Kichwa kiliniuma hadi usiku. Yeye akasema naikuza.

Glavu hakuvaa, miwani hakuvaa. Hata hakututajia kwamba anayeshika kemikali za jamii hii ajiepushe na pombe, maana ni ndugu za disulfiramu, dawa wanayopewa wanaoacha kunywa. Kipimo chenyewe alikadiria kwa jicho, wakati inayozidi hutoka na maji na kuua samaki. Mwaka 1999 mto White River wa Indiana, Marekani, ulipoteza samaki mamilioni kwa kemikali za aina hii zilizopita kwenye majitaka.

Nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota moja. Lakini si haki, dawa haikunikosea. Tangu siku ile napima pH mwenyewe, naitia kidogo kidogo maji yakiwa yamevuka 7, na shaba inashuka kila mara. Kwa dawa, nyota nne. Kwa muuzaji, hata moja sitoi. Pipa la pili nimelichukua kwingine, nalo limekuja na karatasi yake ya usalama.