Dashibodi ya kidijitali ya pikipiki yangu na jua la Msimbati

Pikipiki yenyewe ni nzuri. Injini sina neno nayo, mafuta inakula kidogo, breki zinashika. Naandika kwa ajili ya ile dashibodi ya kidijitali tu, ile skrini waliyoinadi dukani kwa mbwembwe kuliko hata injini, na kwa ajili ya yule kijana wa kaunta ambaye nikikumbuka maneno yake damu inachemka upya.

Mimi nauza samaki. Natoka Mtwara mjini alfajiri giza halijaondoka, nafika Msimbati vyombo vinarudi, najaza deli, nageuza. Pikipiki yangu inakula chumvi na mchanga, na inakaa juani muda wote tunapovutana bei, maana kivuli cha maana wenye magari wameshakiwahi na chini ya mnazi siegeshi kitu.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa kumi, korosho zimepamba moto, na jua lile ambalo huku kusini mwezi huo linapita utosini kabisa. Nafunga deli, limejaa changu na kolekole, nawasha, naangalia kioo: cheusi tii. Hakikuzima, taa yake ya ndani inawaka pembeni naiona, lakini namba zote zimezama kwenye weusi kama wino umemwagika ndani. Spidi, mafuta, gia, saa, kilomita, vyote vimekwenda kwa mpigo mmoja.

Na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Boxer yangu ya zamani ilikuwa ya mishale. Waya wa spidi ukikatika, mshale wa mafuta unaendelea kusoma. Ukifa na huo, kuna koki chini ya tangi, unageuza rizevu, yale mafuta ya akiba, unafika mjini. Hii mpya ni ya injekta, koki ya rizevu haina. Kujua mafuta yako unategemea kioo hicho kimoja, kikigoma umebaki kipofu. Nilitikisa tangi, nikasikia kitu kinacheza ndani, nikaondoka kwa kukisia. Ilizima nimeshapita Madimba. Nikasukuma na deli nyuma, barafu inayeyuka inachuruzika kwenye kibao cha namba, mpaka kwa mama mmoja anayeuza petroli ya chupa. Wale kolekole niliwaachia jioni kwa bei ya kutupa.

Nikaenda dukani. Kijana akaniangalia, akaangalia pikipiki, akasema: "Dada, mwenye pikipiki yuko wapi?"

Nikamwambia unaongea naye, kadi hii hapa, soma jina. Akatabasamu. Akasema kioo hakimo kwenye waranti, halafu akaongeza, "Pikipiki za kisasa haziachwi juani, dada. Mwambie shemeji atafute kivuli."

Shemeji yupi? Pesa ya pikipiki ile nimeitoa kwenye samaki, shilingi kwa shilingi. Na hata kama ningekuwa na mume, yeye angeondoa jua Mtwara? Unauza pikipiki mji wa pwani, wateja wako ni bodaboda wanaoshinda juani kutwa nzima, kisha unamwambia mtu asiiache juani! Na hakuiwasha. Hakuinama hata kuitazama. Alichojua ni kutaja bei: kioo hakiuzwi peke yake, ni dashibodi nzima, laki mbili kasoro, inaagizwa Dar es Salaam na pesa unatanguliza.

Sikutanguliza. Nikawa natembea hivyo hivyo. Ikipoa jioni namba zinarudi, jua likipanda zinapotea, na upande mmoja doa la kahawia limebaki halitoki. Kwenye vibao vya 50 naenda kwa kubahatisha, na trafiki mwenye tochi hana muda wa kusikiliza habari za kioo.

Aliyenisaidia ni fundi simu wa Chuno, mzee mpole, alinieleza huku anafungua. Ndani ya kioo kuna kimiminika, na juu na chini yake kuna filamu zinazochuja mwanga. Joto likizidi, kimiminika kinavurugika na kioo chote kinakuwa cheusi. Kikipoa kinajipanga tena. Hilo halina madhara sana. Doa la kahawia ndiyo filamu imeungua na jua, hiyo hairudi. Akanionyesha na soketi ya nyuma: vipini vyake vimeota kijani, ni chumvi ya bahari imeingia na mvuke. Alisugua vipini, akabandua filamu ile taratibu, akakata nyingine akabandika, akazungushia silikoni kwenye maungio. Malipo yake hayafiki hata robo ya ile laki mbili kasoro.

Sasa niseme kweli, maana sitaki kumdanganya mtu. Tangu siku ile skrini inasoma vizuri. Na usiku, wallahi, mishale haiioni ndani. Barabara giza, namba za spidi kubwa na safi, huna haja ya kukodoa. Ile namba ya gia nayo imenisaidia kwenye mchanga wa Msimbati, najua niko ya pili bila kukanyagakanyaga. Nilikaa nimepanga kuandika "msinunue kabisa" na sasa mkono unasita.

Lakini tena mchana nikivaa miwani yangu ya jua, ile ya kukata mng'ao, namba zinafifia mpaka niinamishe kichwa pembeni ndipo nizione. Kitufe cha kubadilisha kilomita ni kidogo kama punje, mikono ya samaki inateleza. Na kwa nini fundi simu wa Chuno aweze kwa mchana mmoja kile ambacho kiwanda na duka wanasema hakiwezekani? Silikoni ile ingewekwa kiwandani wangepungukiwa nini?

Anayeendesha mjini na ana kivuli cha kuegesha, achukue, ataipenda. Wa pwani kama mimi, kama ya mishale bado ipo dukani, chukua ya mishale. Au chukua hii, lakini mpelekee fundi aizibe kabla haijaona bahari. Mimi nabaki nayo mpaka mwezi wa kumi mwingine ufike nione filamu mpya itasema nini. Duka lile ndiyo sikanyagi tena, hata plagi nitaifuata Lindi.